Kinga Iliyomnyamazisha Msomaji wa Mwalimu Ridha

Nimefundisha skuli moja na Mwalimu Ridha Nyange kwa miaka kumi na mmoja, hapa Wete, na katika muda wote huo nimemsikia akipandisha sauti mara mbili tu. Zote mbili zilitokea katika mwezi ule mmoja aliokuwa akitafuta antivairasi ya kompyuta yake ya nyumbani. Moja ilinihusu mimi, na nitaieleza ilivyokuwa, maana kosa lilikuwa langu.

Ridha haoni. Surua ilimpofua akiwa na umri wa miaka sita, kwao Konde. Alisoma kwa nukta nundu, akaenda chuo cha ualimu, akarudi kisiwani kufundisha historia. Wanafunzi wapya humjaribu wiki ya kwanza: wanahama viti, wananyamaza wakiitwa majina. Wiki ya pili huacha, kwa sababu keshawajua kwa vikohozi na kwa namna wanavyoburura viatu. Anaishi Jadida na mkewe, Bi Moza. Binti yao wa pekee, Safaa, ameolewa Unguja.

Kompyuta yake ni ya mezani, kuukuu, yenye boksi linalovuma kama feni bovu. Ndani yake mna programu inayosoma kwa sauti kila kilichoko kwenye skrini: herufi anayoiandika, jina la faili, kitufe alichokifikia. Ridha huiita Msomaji. Msomaji huyo anasema Kiswahili kwa lafudhi isiyo ya nchi yoyote, tena kwa kasi ambayo mimi siambulii hata neno, lakini Ridha humsikiliza huku anakunywa chai. Mausi haitumii. Skrini nayo haina kazi kwake, hata Bi Moza aliifunika kitambaa cha kufuma isiingie vumbi. Kwa kibodi na masikio yake huandaa masomo, hutunga mitihani, huitia kwenye flashi na kuipeleka steshenari karibu na soko ikachapwe.

Huko ndiko balaa lilikoanzia. Siku moja flashi ilirudi kutoka kuchapwa, akaichomeka, na Msomaji akamtajia majina ya mitihani yake yote, lakini kila jina likifuatiwa na maneno "njia ya mkato". Akibonyeza, hakifunguki kitu. Hakujua bado ni ugonjwa. Alidhani kakosea yeye, akaichukua flashi ile ile skuli na kumpa mwalimu mkuu, Bi Rahila, autazame mtihani wa kidato cha tatu. Kufika saa sita mchana kompyuta ya ofisi nayo ilikuwa haioni faili zake.

Bi Rahila alimwita ofisini.

"Mwalimu Ridha, sikulaumu," alimwambia. "Lakini flashi yako isiingie tena hapa mpaka kompyuta ya nyumbani iwe na antivairasi. Na mtihani nautaka kabla mwezi haujesha."

"Nitatafuta, Bi Rahila."

Alikuja chumba cha walimu akatuuliza sote: tunatumia antivairasi gani, na kwa nini hiyo? La kwanza kila mmoja alikuwa na jibu. La pili hakuna aliyekuwa nalo. Mmoja alisema ya kwake ni nzuri kwa kuwa ina picha ya ngao. Mwengine alisema ya kwake huipigia kelele kila flashi, hata isiyo na kitu, na hiyo ndiyo dalili ya ukali wake. Ridha alitusikiliza mpaka tukamaliza, kisha akauliza: "Msomaji anaweza kuisoma?" Tulitazamana. Hatukuelewa anauliza nini, na badala ya kusema hatujui tukaendelea kubishana.

Kwa hiyo alikwenda kwa fundi. Seif ana duka la kutengeneza kompyuta na simu pale mjini, ni mtu mzima, mpole, mchapakazi. Ridha alifuatana na Bi Moza, boksi wakalipakia kwenye gari ya jirani. Seif alifanya kazi yake kwa nusu saa, kisha akaanza kueleza.

"Bi Moza, mwambie Mwalimu hii ndiyo yenyewe. Ikionesha kijani, uko salama. Ikigeuka nyekundu, bonyeza hapa."

"Nipo hapa, Seif," alisema Ridha.

"Ndiyo, Mwalimu. Bi Moza, ikija rangi ya njano usiijali."

"Sasa mie nitajuaje kama ni kijani au njano?"

Seif alifikiri kidogo. "Bi Moza atakutazamia."

"Bi Moza yumo kwenye mwani wake tangu maji yakitoka mpaka yakijaa. Nikae nimsubiri aje anitajie rangi?"

Seif alicheka kwa adabu na kuchomoa waya.

Nyumbani, Ridha aliifungua hiyo antivairasi ili aijue. Msomaji alisema: "Kitufe." Akasogea mbele. "Kitufe." Akasogea tena. "Kitufe." Vilikuwa saba, na hakuna hata kimoja chenye jina, kwa sababu waliovitengeneza walivichora tu bila kuviandika. Alibonyeza cha kwanza kwa kubahatisha, kengele ikalia. Mpaka leo hajui alikubali nini. Tokea hapo, kila baada ya muda dirisha lilijitokeza katikati ya kazi yake, likamkata Msomaji kauli, likasema "kitufe, kitufe", na asipobonyeza halikuondoka. Kwa siku nne aliandika ukurasa mmoja. Hata kuitoa kulikuwa taabu, kwani kitufe cha kutolea nacho hakikuwa na jina. Ilibidi Bi Moza afunue kitambaa na kukitafuta kwa macho.

Hapo ndipo nilipoingia mimi.

Nilikuwa na diski niliyopewa na rafiki aliyetoka Dar, antivairasi ya kulipia iliyovunjwa kufuli ili itumike bila kulipa. Niliisifu. Nilikwenda Jadida siku ya Alkhamis, nikaiingiza kwa mkono wangu, nikanywa kahawa ya Bi Moza, nikaondoka nikijiona nimefanya jambo la thawabu.

Jumamosi Ridha alikuwa akiandika kuhusu mkutano wa Berlin, na Msomaji akaanza kumsomea tangazo la dawa ya kupunguza unene. Lilikuwa la Kiingereza, likisomwa kwa matamshi ya Kiswahili, refu, na likiisha linaanza tena. Akilifunga, yanafunguka mawili. Akifungua intaneti asome habari, anapelekwa ukurasa mwengine. Jumapili, Safaa alipiga simu kutoka Unguja.

"Baba, shikamoo. Mbona umeniletea barua ya Kiingereza kuhusu mwili wangu?"

Hakuwa ameandika barua yoyote. Ilitoka kwenye anwani yake na ikaenda kwa kila aliyewahi kuandikiana naye, Bi Rahila akiwamo.

Jumatatu asubuhi aliingia chumba cha walimu. Hakusalimu.

"Talib, umenitilia nini kwenye kompyuta yangu?"

"Antivairasi, Mwalimu. Ile tuliyo..."

"Antivairasi gani inayoleta majasusi?" Sauti yake ilifika mpaka uwanjani, wanafunzi wakageuka. "Kuna kitu mle kinachosoma kila ninachokiandika na kukipeleka nisikokujua. Mtihani nimeuandika mle. Neno langu la siri nimeliandika mle. Ulipoambiwa imevunjwa kufuli, hukujiuliza aliyelivunja ametaka nini?"

Kweli sikujiuliza. Niliomba radhi, na kwa sababu nilikuwa na haya na nilitaka kulitengeneza jambo upesi, nikafanya kosa la pili. Nilimtajia programu ya kusaka majasusi, ya bure na ya halali, niliyoona ikisifiwa sana mtandaoni. "Hiyo itayafagia yote," nilimwambia.

Safari hii alikuwa mwangalifu. Aliporudi nyumbani alikwenda kwenye ukurasa wa wenye programu wenyewe, akalisikiliza jina herufi kwa herufi, akasoma masharti yote, mambo ambayo mimi katika maisha yangu sijawahi kuyafanya. Vitufe vyake vilikuwa na majina. Aliniambia baadaye kwamba hapo alianza kupata matumaini, na ndiyo maana iliyofuata ilimuuma zaidi.

Ilikuwa baada ya sala ya Alasiri. Aliiamuru itafute. Msomaji alimhesabia asilimia, na mwisho akasema vimepatikana vitu kumi na vinne. Ridha alisogea mpaka kwenye kitufe cha kuviondoa vyote, akabonyeza. Msomaji akaanza kumsomea kwa Kiingereza kwamba vinaondolewa, na katikati ya neno akanyamaza.

Alidhani umeme umekatika. Lakini boksi lilikuwa likivuma. Alizungusha kitufe cha sauti cha spika, akabonyeza vitufe vya kumwamshia Msomaji, mara moja, mara tano, mara kumi. Kimya. Kompyuta ilikuwa inafanya kazi mbele yake, pengine imejaa maandishi, na yeye hana njia ya kujua hata neno moja.

Bi Moza alirudi kutoka pwani akamkuta amekaa, mikono mapajani.

"Baba Safaa, kuna nini?"

"Ondoa kitambaa kwenye skrini, unisomee."

Bi Moza alikuwa bado na nguo za maji. Alisoma mpaka darasa la saba, na Kiingereza hukisoma kama kilivyoandikwa.

"Kuna duara la kijani, lina alama ya vyema. Chini yake pameandikwa... ko-ngra-tu-la-ti-o-ns."

"Inanipongeza," alisema Ridha. "Endelea."

Alimsomea orodha ya vitu vilivyokamatwa, kimoja kimoja, Ridha akimwambia arudie herufi. Kumi na vitatu vilikuwa uchafu wa diski yangu. Cha kumi na nne kilikuwa Msomaji. Pembeni pameelezwa sababu: programu hii husikiliza vitufe vinavyobonyezwa na kusoma yaliyomo kwenye skrini. Hayo yote yalikuwa kweli. Ndiyo kazi yake, na ndiyo kazi ya majasusi pia, na aliyeitengeneza ile programu hakukumbuka kwamba yuko mtu anayeihitaji.

Ridha alimpigia simu Haroub, rafiki yake wa Chake Chake anayeishi Gombani. Haroub alizaliwa haoni, na nyumbani kwake huwafundisha wenziwe kutumia kompyuta.

"Hajafutwa," Haroub alisema baada ya kusikia. "Wamemtia karantini. Weka simu kwa sauti, nimsikie Bi Moza."

Basi wakafanya kazi watu watatu. Haroub alijua kila kitu kilipo lakini hakuwapo. Bi Moza alikuwa na macho lakini hajapata kuishika kompyuta maishani mwake.

"Bi Moza, tafuta neno linaloanza na kyu," alisema Haroub. "Ni kama duara lenye mkia."

"Naliona. Kwa-ra-nti-ne."

"Hilo hilo. Peleka mshale juu yake."

Alishika mausi, mshale ukakimbilia pembeni, ukapotea. Aliufuata, ukarudi, ukapita. Akaanza kuibonda mausi mezani.

"Iache," alisema Ridha. "Mie nabonyeza kwenye kibodi, weye niambie nimefika wapi."

"Mraba wa buluu umeruka kulia. Tena. Umelipita, Baba Safaa. Rudi. Hapo hapo."

"Hapa?"

"Hapo."

Akabonyeza. Likaja dirisha likiuliza kama ana hakika. Likaja jengine likimwonya kwamba kitu anachotaka kukirudisha ni cha hatari. Likaja la tatu likitaka kumuuzia toleo la kulipia. Kila dirisha Bi Moza alilisoma silabi kwa silabi, Haroub akalifasiri, Ridha akalitafutia kitufe chake. Maghribi iliwakuta hawajamaliza. Walisali, wakarudi mezani, Bi Moza kanga yake ikiwa imemkaukia mwilini kwa chumvi. Hatimaye Ridha alibonyeza vitufe vya kumwamshia Msomaji, na Msomaji akasema, kwa lafudhi yake ile ile, kwamba yuko tayari.

Bi Moza alisema alhamdulillahi, akaenda kuoga.

Haroub alikuwa bado kwenye simu.

"Sasa nikwambie, Ridha. Antivairasi unayo tangu siku uliyoinunua kompyuta hiyo. Imo ndani ya Windows. Ukiweka nyengine inajizima, na hiyo diski ya mwenzako ndiyo iliyoifunga kabisa. Tuifungue, tuiandikie kwamba Msomaji ni mtu wake, uiache ijipatie mapya yake kila siku, maana kwa kuyakosa hayo ndipo ugonjwa wa flashi ulipoipita. Kwa kazi zako inatosha."

"Na Msomaji anaisoma?"

"Neno kwa neno."

"Wiki tatu nahangaika, Haroub. Mbona hukunambia?"

"Hukuniuliza. Umewauliza wenye macho."

Aliponisimulia maneno hayo hakunikusudia mimi, nadhani, lakini nilitazama chini.

Ilimchukua siku mbili kusafisha, Haroub akimwongoza. Walitoa ile ya kusaka majasusi, wakang'oa mabaki ya diski yangu, wakabadilisha maneno yote ya siri kwa kutumia simu. Haroub alimfundisha kuikagua flashi kabla ya kuifungua, na zaidi ya hapo akamshauri asiipeleke tena kuchapisha: mtihani autume kwa barua pepe, wa steshenari wauchape kutoka huko. Ridha alifanya hivyo. Mtihani wa kidato cha tatu ulimfikia Bi Rahila siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi, na Bi Rahila alimwambia mbele yetu kwamba ile marufuku ya flashi haikuwa ya kumdhalilisha. Ridha alisema anajua.

Lakini hakuridhika. Alisema iko siku mtu mwengine asiyeona atapeleka kompyuta yake kwa Seif, na atarudi nayo na vitufe saba visivyo na majina. Akaenda kumweleza. Mimi nilimsindikiza pamoja na Bi Moza, kwani nilikuwa nikitafuta namna ya kulipa deni la kosa langu. Duka lilikuwa na wateja. Ridha alieleza taratibu, tangu kengele mpaka karantini, na kwamba ile iliyomo ndani ya Windows ingetosha tokea mwanzo.

Seif alimsikiliza, kisha akamgeukia mke wa Ridha. "Bi Moza, mwambie Mwalimu ile huja na kompyuta bure. Ya bure haina nguvu."

"Seif!" Wateja wote waligeuka, na muuza vitambaa wa duka la pili akatoa kichwa nje. "Kompyuta ni yangu. Masikio ninayo. Sema na mie."

Seif aliona haya kwelikweli. Aliomba radhi, tena akaahidi kwamba akija mtu kama yeye atamuuliza kwanza anatumia msomaji gani. Kisha akavuta kiti na kumuuliza Bi Moza kama Mwalimu atakaa.

Ridha alitoka nje. Barabarani alitembea kwa haraka, fimbo yake ikigonga mawe, na mimi na Bi Moza tukamfuata nyuma.

Jambo la mwisho alilolifanya ni kuwaandikia wenye ile programu iliyomwondoa Msomaji. Aliandika kwa Kiingereza chake kizuri cha chuo: aliyaeleza yote, akataja toleo, siku na saa. Kutuma kulitaka kwanza athibitishe kwamba yeye si roboti. Alichagua njia ya kusikiliza, akasikia mikwaruzo na mtu anayesema Kiingereza kama yumo ndani ya pipa. Alijaribu mara mbili, akaambiwa amekosea. Akamwita mkewe.

"Kuna picha tisa," alisema Bi Moza. "Inataka zenye taa za barabarani zile za kuongozea magari." Taa hizo Bi Moza kaziona alipokwenda kwa Safaa. "Na ile nguzo inayoshika taa, nayo imo?"

"Sijui, Moza."

"Weye ndiye uliyesoma."

Mara ya tatu ilikubali.

Jibu lilikuja baada ya siku kumi na tisa. Waliandika kwamba wanasikitika kwa usumbufu, kwamba maoni ya wateja wao ni muhimu sana kwao, na kwamba ili waweze kulichunguza suala lake wanamwomba awatumie picha ya kile alichokiona kwenye skrini wakati tatizo lilipotokea.

Ridha alimrudisha Msomaji mwanzo, akaisikiliza tena barua nzima, asije akawa amesikia vibaya. Kisha akawajibu kwa mstari mmoja, kwamba hakuona kitu, na kwamba hiyo ndiyo sababu amewaandikia. Mpaka naandika haya hawajamjibu.